Shekhar Mehta na gari linalomtaka dereva

Ni nadra mwalimu wa Lamu kuulizwa habari za magari. Mji wetu ni mji wa punda na mashua. Vichochoro vyake vilipimwa kwa upana wa mtu na mnyama wake aliyebeba shehena, na anayekutana na punda mwenye mawe ya kujengea katika Usita wa Mui hana budi kujibanza ukutani hadi msafara upite. Kwa miaka mingi magari ya kisiwa hiki yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na watoto walilijua gari la mkuu wa wilaya kama walivyoijua Ngome. Hata leo, ingawa pikipiki zimeingia na kelele zake, mtu wa Amu anayemiliki gari aghalabu huliacha Mokowe, upande wa bara, akalifuata kwa boti kila anapolihitaji.

Kwa hivyo nilistaajabu, miezi michache iliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani aliponijia na swali ambalo sikulitarajia. Kijana huyu, ambaye sasa ni mwalimu mwenzangu katika shule moja ya bara, alikuwa amekubaliwa mkopo na chama chake cha akiba, naye alitaka kununua gari la spoti. Hakutaka la kushindania. Alitaka gari la gia za mkono la kuendea kazini Jumatatu hadi Ijumaa, la kumfikisha Malindi mwisho wa mwezi, na ambalo, zaidi ya kumfikisha, lingempa raha ya kuliendesha. Alikuwa na picha mbili mkononi. Moja ilikuwa ya gari lenye nguvu za farasi zaidi ya 300. Ya pili ilikuwa ya kigari chepesi cha viti viwili, chenye nusu ya nguvu hizo. Alitaka nimchagulie. Hakutaja, wala mimi sikutaja, kwamba mamake aliyemsomesha kwa taabu alikuwa akiingojea mikopo ya namna hiyo kwa mwaka wa tatu sasa, ili nyumba yake ya Hindi ipate kuezekwa mabati.

Sikumjibu papo hapo. Nilimtajia jina la dereva mmoja aliyekwisha kufa, nikimtarajia atabasamu kwa kumkumbuka. Hakuwahi kulisikia. Siku ya pili yake nilivuka kutoka somo langu la Kiswahili na kuwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu, na darasa zima likanitazama tu. Vijana hao hao wangeweza kunitajia kikosi kizima cha timu ya kandanda ya Uingereza, pamoja na wachezaji wa akiba. Ndipo nilipoona kwamba swali la kijana wangu ningelijibu vizuri zaidi kwa kuyaeleza maisha ya mtu huyo, na kwamba huenda wako walimu na wanafunzi wengine watakaotaka kuyasikia.

Shekhar Mehta alizaliwa nchini Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika jamaa ya Kihindi iliyokuwa na mali nyingi iliyotokana na mashamba makubwa. Utajiri huo si jambo la kufichwa. Mashindano ya magari ni mchezo wa gharama, na mtoto wa mkulima wa kawaida wa Uganda wa miaka ile hangeweza kuota kuushiriki. Lakini mali peke yake haimfanyi mtu dereva. Kumbuka kwamba Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho ambaye alikuwa fundi wa magari, aliyashinda mashindano ya Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo lililokuwa limekwisha kutumiwa na wengine, ilhali matajiri wengi waliokuja na magari mapya walibaki matopeni wakingoja trekta.

Inafaa kwanza wanafunzi waelewe mashindano hayo yalikuwa ya namna gani, kwa maana Safari ya leo ni nyingine kabisa. Yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka yake ya kwanza yalizipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani majira ambayo masika huweza kuanguka wakati wowote, na mwendo wake ulikuwa wa maelfu ya kilomita, mchana na usiku. Barabara hazikufungwa. Dereva aliyekuwa akishindana na saa aliweza kukutana na lori la mahindi, basi la abiria au kundi la ng'ombe palepale penye kona. Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufikiwa, na aliyechelewa alihesabiwa adhabu. Mshindi alikuwa yule mwenye adhabu chache kuliko wenziwe, na si lazima awe yule aliyekimbia kuliko wote. Hiyo ni tofauti kubwa.

Mehta aliingia katika mchezo huu akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW. Baadaye akawa dereva wa Datsun, kampuni ya Kijapani ambayo wakati huo ilikuwa ikitafuta jina duniani na ikaona kwamba hakuna tangazo linaloshinda gari lililotoka salama katika tope la Afrika Mashariki. Mwaka 1970 Edgar Herrmann aliishindia Safari kwa Datsun 1600 SSS, gari la milango minne. Mwaka uliofuata kampuni ikaleta gari la namna nyingine.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa gari hilo ndilo jibu la nusu ya swali la kijana wangu. Datsun 240Z, iliyojulikana kwao Japani kwa jina la Fairlady Z, ilitoka kiwandani mwishoni mwa mwaka 1969. Ilikuwa na boneti ndefu, viti viwili tu, na mlango wa nyuma uliofunguka kwenda juu kama kifuniko cha kasha. Injini yake ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari, yenye ujazo wa sentimita mchemraba 2,393, na nguvu zake zilikuwa kama za farasi 150. Uzito wa gari zima ulizidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Gia zilikuwa tano na zote za mkono, na magurudumu yaliyosukuma yalikuwa ya nyuma. Wajapani hawakulikusudia liwe gari la wafalme. Injini ile ilikuwa ndugu ya ile ya 1600, ikiongezwa silinda mbili, na hivyo fundi aliyezoea Datsun ya kawaida hakuhitaji kwenda shule upya. Mwenyewe angeliendesha kwenda ofisini juma zima bila kulisukuma asubuhi. Kabla ya hapo gari la spoti kwa watu wengi lilimaanisha gari la Ulaya, ama la bei isiyofikika, ama lililopenda kukaa gereji kuliko barabarani.

Raha ya gari kama hilo iko wapi basi? Mtu wa Lamu anaweza kulielewa jambo hili kuliko mtu wa Nairobi, mradi aelezwe kwa lugha yake. Yatazame mashindano ya mashua yetu wakati wa Maulidi. Nahodha ameshika usukani, mwenziwe ameshika demani, na mabaharia wameketi juu ya ubao uliotokeza nje ya ubavu ili kuizuia mashua isipinduke. Upepo ukibadilika kidogo tu, nahodha huusikia usukanini kabla jicho halijauona majini, na mkono hujibu. Boti ya mashine humfikisha abiria mapema na bila jasho, lakini hakuna anayesimama ufuoni kuishangilia. Gari la gia za mkono, jepesi, lenye usukani usiofichwa nyuma ya mitambo ya umeme, humwambia dereva habari za barabara kama vile demani inavyomwambia baharia habari za upepo. Humwambia pale penye mchanga, pale tairi linapoanza kuteleza, pale injini inapochoka na kuomba gia ya chini.

Na kushusha gia ni ufundi wenyewe. Gari likiwa katika mwendo uleule, injini haina budi kuzunguka kwa kasi zaidi katika gia ya tatu kuliko katika ya nne. Dereva asiyejua huachia klachi tu, gari likashtuka kama punda aliyepigwa kofi. Dereva anayejua hukanyaga mafuta kidogo wakati klachi ingali chini, akaipandisha injini hadi kwenye mzunguko inaotakiwa kuwa nao, kisha akaachia, na abiria asijue kilichotendeka. Katika lami kavu kosa hilo ni aibu tu. Katika tope, kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mshtuko huo huweza kuyanyang'anya matairi mshiko wake na kulizungusha gari zima. Madereva wa Safari walifanya jambo hilo mara maelfu, usiku, huku wamechoka.

Mwaka 1971 Herrmann alishinda kwa 240Z, na Mehta, akiwa na mwelekezi wake Mike Doughty, akawa wa pili kwa gari la aina hiyohiyo. Alikuwa na umri wa miaka 25. Kila aliyefuatilia mchezo alijua kwamba zamu yake ingefika.

Kilichofika kwanza kilikuwa kingine. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wamezaliwa pale pale na hawakuwa na kwao kwingine, walifunga walichoruhusiwa kukichukua, wakaacha nyumba, maduka, viwanda na makaburi ya wazee wao. Jamaa ya Mehta ilikuwa miongoni mwao. Mali isiyohesabika ilibaki nyuma, na kijana aliyekulia katika wingi akawa mtu anayeanza upya katika nchi ya jirani. Kenya ikawa kwake.

Napenda walimu wenzangu wa historia walisimamie jambo hili darasani, kwa sababu vitabu vyetu hulipita haraka, kana kwamba lilikuwa ugomvi wa wenye maduka. Sisi wa visiwa hivi tunapaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Huku kwetu kuna mtu ambaye babu yake alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, mwingine ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi, na mwingine ambaye ni Mbajuni wa Kizingitini au Mboni wa msituni, na wote husimama foleni moja wakati wa kuomba kitambulisho, baadhi yao wakiulizwa maswali mengi kuliko wengine. Anayejua uchungu wa kuulizwa kwao ni wapi ilhali amesimama mlangoni kwake, huyo anaweza kuipima Pasaka ya 1973.

Kwa kuwa Pasaka hiyo, miezi minane tu baada ya tangazo la Amin, Mehta alikuwa tena ndani ya 240Z, safari hii mwelekezi wake akiwa Lofty Drews. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio hizi, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yaliyohesabiwa. Baada ya siku zote zile na kilomita zote zile, Mehta na Msweden Harry Källström walikuja kufungana kwa pointi, jambo ambalo mtu angelidhani haliwezekani. Ikabidi itumiwe kanuni ya kuwatenganisha waliolingana, nayo ikampa Mehta ushindi. Mtu aliyefukuzwa alikozaliwa akawa bingwa wa nchi iliyompokea kabla hata mwaka haujapinduka.

Lakini mwanafunzi makini ataniuliza Källström alikuwa akiendesha gari gani. Alikuwa katika Datsun 1800 SSS, gari la familia lenye milango na nafasi ya watoto. Yaani gari la spoti lenye silinda sita na saluni ya silinda nne, zote za kampuni moja, zilivuka nchi nzima zikatoka sare. Habari hii nilipompa kijana wangu alinyamaza kwa muda. Mehta mwenyewe alifanya zaidi ya hapo. Aliporudi kileleni, aliishinda Safari mwaka 1979, kisha 1980, kisha 1981, kisha 1982, mara nne mfululizo, tena akiwa na Mike Doughty, na hakufanya hivyo kwa gari la viti viwili. Alitumia Datsun 160J, iliyoitwa pia Violet, saluni ambayo ndugu zake wa kawaida walikuwa wakionekana mbele ya shule na zahanati za nchi hii wakiwa na walimu na waganga ndani. Magari yake ya mashindano bila shaka yalikuwa yameimarishwa na mafundi hodari, na nisingependa msomaji adhani kwamba yalitoka dukani jana yake. Hata hivyo umbo lilikuwa lile lile: jepesi, la gia za mkono, la kusukumwa nyuma, lenye nguvu za kiasi na uvumilivu mwingi.

Sifa aliyobaki nayo kati ya waliomwona ni ya dereva mwenye subira. Wageni kutoka Ulaya walikuja na kasi kubwa, wakaongoza siku ya kwanza, wakavunja springi siku ya pili. Mehta aliihesabu Safari yote kabla ya kuianza. Mwaka 1981 alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva, na si haba kwa mtu wa Afrika Mashariki. Mkewe, Yvonne, naye aliketi mara kadhaa katika kiti cha mwelekezi, kazi ambayo wasomaji wa kike wa safu hii wasidhani kwamba ni ya wanaume tu.

Mwaka 1987 alipata ajali kubwa nchini Misri, katika mbio za jangwani za Mafarao, na ajali hiyo ndiyo iliyomaliza siku zake za kushindana. Baadaye aliutumikia mchezo akiwa mezani, akaiongoza tume ya mbio hizo katika shirikisho la kimataifa la magari. Ni jambo la kusikitisha kwamba ilikuwa katika miaka hiyo hiyo ambapo Safari, baada ya mwaka 2002, ilitolewa katika orodha ya ubingwa wa dunia. Shekhar Mehta aliaga dunia mjini London tarehe 12 Aprili 2006, miezi miwili na siku chache kabla ya kutimiza miaka 61. Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikikimbiwa pande za Naivasha katika barabara zilizofungwa, naye hakuwako kuiona.

Sasa nirudi kwa kijana. Nilimwambia kwamba lile gari la farasi 300 ningelitoa katika hesabu mapema. Sheria ya Kenya yamruhusu mwenye gari dogo kwenda kilomita 110 kwa saa katika barabara kuu, na 50 mijini, na gari lile hufika huko kabla dereva hajaanza kufanya kazi yoyote. Barabara ya Garsen hadi Mokowe imetiwa lami, ni kweli, nasi tulioipita ilipokuwa mchanga na tope tunashukuru. Lakini lami haiondoi matuta, mbuzi wala vizuizi vya polisi. Dereva wa gari lenye nguvu za kupita kiasi huishi akilizuia, na kulizuia gari siku nzima kunachosha. Gari dogo unaweza kulitumia lote. Unaweza kuifikisha injini yake mwisho wa gia ya pili na bado ukawa mtiifu kwa sheria.

Kigari cha viti viwili nilikipenda, nakiri. Magari ya namna hiyo, kama Mazda MX-5 iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, yameurithi moja kwa moja moyo wa 240Z: uzito wa tani moja hivi, gia fupi za mkono, magurudumu ya nyuma. Lakini tumbo lake li karibu na ardhi, na njia ya kutoka barabarani hadi nyumbani kwa mamake ni ya mchanga wenye makorongo. Aidha, nchi yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka minane, kwa hivyo magari machache ya gia za mkono yanayoletwa kutoka Japani ni ya bei, kwa kuwa Wajapani wenyewe wamekwisha kuziacha. Na yeyote aliyekaa saa mbili katika msongamano wa Changamwe, mguu wa kushoto ukipanda na kushuka juu ya klachi, hatawacheka waliohamia gari linalojibadilishia gia.

Nilimwambia akaendeshe kabla ya kupenda. Aketi, aguse mti wa gia na kuona kama wajua njia yake. Ashushe gia kabla ya kona na kusikiliza. Afungue boneti na fundi anayemwamini, aulize bei ya klachi na ya shokamzoba kabla ya kuuliza mwendo wa juu. Hakunijibu. Alikunja zile picha mbili akazitia mfukoni, akapanda boti ya saa kumi.

Jumamosi iliyopita alinipigia simu nivuke Mokowe. Nilimkuta gatini ameegesha saluni ndogo nyeupe iliyotumika, ya injini ya 1,500, yenye gia tano za mkono na mchubuko kwenye bampa ya nyuma. Alinifungulia mlango akaniita Mwalimu kama alivyoniita akiwa kidato cha pili. Tulielekea Hindi. Kabla ya matuta nilimwona akibadilisha kutoka ya nne kwenda ya tatu, mguu wake ukigusa mafuta kidogo katikati, na sikusikia kitu. Mchangani alipita taratibu hadi mlangoni kwa mamake, ambako mafundi wawili walikuwa juu ya kenchi wakipigilia mabati ya upande wa pili. Tulipokwisha kunywa chai aliniuliza tena jina la yule dereva linavyoandikwa, herufi kwa herufi, akaliandika nyuma ya maandalio yake ya somo la Jumatatu.